Mhadhara wa Mudi: Mtaalamu Anena, Mpende Msipende

Mheshimiwa mwenyekiti, meza kuu, wazee wa mtaa, kina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki mlangoni zikaziba hewa: itifaki imezingatiwa. Mtaalamu amesimama. Aliyesinzia aamshwe na jirani yake, kwa upole, maana somo la leo ni la moyo.

Kwanza wasifu wa msemaji, kwa kuwa mwenyekiti ameuruka makusudi. Mtaalamu ni bingwa wa mudi, kupanda kwake na kushuka kwake. Ukutani kwake vimetundikwa vyeti vitatu, vyote vya kuhudhuria. Kimoja ni cha semina ya nusu siku ambayo Mtaalamu aliingia chakula kikipakuliwa. Cheo cha Mtaalamu alijipa mwenyewe baada ya kungoja sana wengine wampe, na chuo chenye pingamizi kilete barua.

Sasa mada. Mtaalamu amemchunguza binadamu wa kawaida tangu alfajiri. Saa kumi na mbili mtu huyu anaamka na ari ya kujenga taifa zima. Saa moja umeme wa luku umekwisha, ari nayo imekwisha. Saa nne simu inalia, hela imeingia, anaimba. Dakika tano baadaye anayemdai anapiga. Wimbo unakatika katikati ya ubeti. Jioni timu yake inafunga, anakumbatia watu asiowajua hata kwa majina. Dakika ya tisini bao linarudi, na wale wale aliowakumbatia hataki kuwaona. Usiku anaandika kwenye simu kwamba dunia hadaa, anazima taa, na kesho yake saa kumi na mbili ari ya kujenga taifa imerudi tena. Mtu ni yule yule, mshahara ni ule ule. Nini kimebadilika?

Wapo waliolichunguza jambo hili kabla ya Mtaalamu, na anawasamehe. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman, walichapisha utafiti wa washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, watu 29 waliopooza kwa ajali, na watu wengine 22 wa kulinganisha nao. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuwashinda wenzao ambao hawakushinda kitu. Zaidi ya hapo, vitu vidogo vya kila siku kama kupiga soga na rafiki, kula kifungua kinywa au kusoma jarida viliwapa raha pungufu. Waliopooza walikuwa na furaha kidogo kuliko wale wa kulinganisha nao, ila hawakuwa wamezama kama watu walivyodhani. Moyo, kwa maelezo hayo, huzoea. Ukipandishwa unazoea huko juu, ukishushwa nako unajaribu kuzoea.

Mtaalamu aliutumia utafiti huu miaka mingi kuwaliwaza watu ambao mikeka yao ya kubeti imechanika. Alikuwa na sauti maalumu kwa kazi hiyo. Kisha mwaka 2020 wakatokea Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini, wakafuatilia maelfu ya washindi wa bahati nasibu huko Sweden, wakakuta kwamba walioshinda fedha nyingi waliridhika na maisha yao zaidi, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miaka kumi. Walichokuta hakikubadilika sana ni furaha ya siku hadi siku. Mtaalamu analaani utafiti wa namna hii unaomharibia mtu hotuba iliyokwisha kukaririwa. Hata hivyo anakiri kuwa watu 22 ni wachache, na kwamba anayemwambia mwenye njaa kuwa fedha si kitu aulizwe kwanza kama yeye amekula.

Hapa mama mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono, akauliza kwa nini msemaji anajitaja kama mtu aliyesafiri. "Mtaalamu anasema, Mtaalamu anaona. Kwani wewe ni nani?"

Swali zuri, na Mtaalamu alilitegemea. Julius Caesar alipoandika vita vyake vya Gallia hakusema "mimi nilivuka mto". Alisema Caesar alivuka. Watu wakadhani ni majivuno, na huenda walikuwa sahihi. Lakini mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walitoa matokeo ambayo kila mwenye majivuno anapaswa kuyaweka kwenye fremu. Waliwaweka watu kwenye hali ya kubana: tayarisha hotuba upesi, kisha uitoe mbele ya waamuzi. Wengine waliambiwa wajisemeshe moyoni kwa "mimi", wengine wajiite kwa majina yao kana kwamba wanamshauri mtu mwingine. Waliojiita kwa majina walihangaika kidogo kuliko wale wa "mimi", waamuzi waliwapa alama nzuri zaidi, na baada ya hapo hawakurudiarudia sana aibu zao kichwani.

Sababu yake inaeleweka bila cheti. Mtu akisema "nimeharibu kila kitu", yumo ndani ya tope. Akisema "Fulani leo kakosea hesabu za duka, afanye nini?", ghafla amekuwa mshauri wa Fulani, na binadamu hana upungufu wa ushauri kwa wengine. Yule yule anayelia kwa kuachwa na mchumba, rafiki yake akiachwa atamketisha na kumpa maneno ya hekima saa nzima. Hekima anayo. Tatizo ni kwamba kwa nafsi yake amekaa karibu mno.

Basi wahamasishaji wa mjini, ndugu zake Mtaalamu katika fani, wameisikia habari ya kujitazama kwa mbali wakaipeleka mbali kweli kweli. Wao humwonyesha mtu picha ya dunia iliyopigwa na chombo cha Voyager 1 tarehe 14 Februari 1990, kutoka umbali wa kilomita kama bilioni 6. Dunia nzima haijazi hata nukta moja ya picha hiyo. Wanauliza kwa sauti ya chini: "Sasa tatizo lako liko wapi hapo?"

Liko pale pale. Kodi ya nyumba haionekani kutoka kilomita bilioni 6, lakini mwenye nyumba anaishi jirani. Mtaalamu anaonya juu ya umbali wa kupindukia: humfanya mtu aone mambo yake hayana maana, na aliyeona mambo yake hayana maana hainuki kitandani. Umbali unaofaa ni ule wa rafiki aliyeketi mkabala, anayekuona usoni bila kuwa wewe.

Mada ya pili ni hamasa. Kwa desturi, kila anayehubiri hamasa Tanzania sharti amtaje mkimbiaji John Stephen Akhwari, na Mtaalamu hatakwepa ushuru huo. Olimpiki ya Mexico City, mji ulio mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, tarehe 20 Oktoba 1968. Walioanza mbio za marathoni walikuwa watu 75, wakamaliza 57. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti, akaingia uwanjani amefungwa bandeji zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57. Wahamasishaji hufika hapo, wakafuta machozi, wakapitisha kapu.

Mtaalamu anauliza: kisha? Maana mtu haishi uwanjani akishangiliwa. Kisha Akhwari alirudi nyumbani, goti likapona, akaendelea na mazoezi asubuhi ambazo hakuna mpiga picha aliyeamka kuzipiga. Mwaka 1970 alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akawa wa 5 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda ule wa Mexico ulikuwa saa 3 na dakika 25. Ni mtu yule yule. Kwa maoni ya Mtaalamu, hadithi ya 1970 inastahili kusimuliwa kuliko ya 1968, ila haiwatoi watu machozi, kwa hiyo haina soko.

Jirani zetu Wakenya nao wana mfano mrefu kuliko huo, na Mtaalamu atautumia bila kibali. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 18 mwaka 2003 alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris, akiwaacha nyuma Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 hakupata hata nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mtu mwingine angefungua duka. Yeye mwaka uliofuata alihamia marathoni. Yaliyofuata yanajulikana hadi kwa watoto: dhahabu ya Rio 2016, dhahabu nyingine katika Olimpiki ya Tokyo, rekodi za Berlin, na saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, muda ambao haukuingizwa kwenye rekodi rasmi lakini uliingia kwenye fulana na kuta za vinyozi. Kisha mteremko: wa 6 Boston mwaka 2023, na Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, mji ule ule wa ujana wake, aliacha mbio baada ya kilomita 30, akatembea kando ya barabara akigawa viatu na nguo zake kwa mashabiki. Aprili 2025 alikuwa London, kwenye mstari wa kuanzia, na alimaliza wa 6.

Mtaalamu amejiuliza mtu huyu ari anaitoa wapi, akakuta jibu la kuudhi. Kwenye kambi ya Kaptagat Kipchoge anashiriki zamu za usafi, vyoo vikiwemo, na kila mazoezi anayaandika kwenye daftari kama alivyofanya tangu ujana. Hangoji mudi. Daftari halina mstari wa mudi.

Wanasaikolojia nao wameligeuza jambo hili la kutongoja mudi kuwa tiba. Sisi tumelelewa kuamini kuwa hamu hutangulia na kazi hufuata: nikijisikia vizuri nitafagia uwanja. Tiba hii inageuza mpangilio. Mgonjwa wa sonona anasaidiwa kupanga shughuli ndogo zenye maana kwake, anazifanya kwa saa iliyopangwa hata kama moyo umegoma, na moyo huja nyuma taratibu. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililofanywa na David Richards na wenzake kwa wagonjwa 440. Waliotibiwa kwa njia hii, mikononi mwa wafanyakazi wa ngazi ya chini wasio na shahada za saikolojia ya tiba, hawakuwa nyuma ya wale waliotibiwa na wataalamu waliobobea kwa njia ya mazungumzo ya gharama kubwa zaidi.

Mtaalamu anaomba ukumbi usishangilie sehemu ya wataalamu kutowashinda wasio wataalamu.

Amesikia makofi, lakini anaendelea, ingawa kinachofuata kinamuumiza zaidi. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alimpoteza mgonjwa ambaye familia yake haikuwa na nauli ya basi ya kumleta hospitali. Nchi ilikuwa na madaktari wa fani yake wa kuhesabika kwa vidole. Aliomba vyumba, hapakuwa na vyumba. Aliomba wauguzi, wote walikuwa na kazi. Alichopewa mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, ni bibi 14 wa kujitolea na nafasi ya kuweka mabenchi nje ya zahanati. Akawafundisha bibi hao kuuliza maswali machache, kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja kati ya rundo lake, aanze nalo.

Tatizo moja, si maisha yote. Mtaalamu amewahi kutoza kiingilio kwa kufundisha watu kubadilisha maisha yote kwa siku ishirini na moja, na anaiona busara ya bibi bila kuifurahia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA: zahanati 24 za Harare, watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa benchini na bibi, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa kama asilimia 50. Mabenchi hayo yamekwisha kufika Malawi na Zanzibar. Bibi hawana vyeti vya kuhudhuria, hawatumii maikrofoni, na hakuna aliyewahi kusikia wakijiita mabingwa wa chochote.

Mama wa safu ya nyuma alinyoosha mkono tena. Alitaka kujua kama wenye mudi mbaya kesho asubuhi waje kwa msemaji au waende kwa bibi. Mwenyekiti alicheka kwa sauti isiyolingana na nafasi yake.

Waende kwa bibi. Kama bibi hayupo, basi kwa shangazi, jirani au mwenzako wa kikoba, yeyote anayeweza kusikiliza nusu saa bila kuanza kusimulia ya kwake. Wajiite kwa majina yao njiani wakienda, hakuna atakayesikia. Na kabla ya kutoka nyumbani wafagie uwanja, hamu iwepo isiwepo.

Hapo mhadhara unaishia, na linalobaki Mtaalamu analisema bila madoido. Kupanda na kushuka kwa mudi ndani ya siku moja ni jambo la kila mtu. Lakini mwenye moyo ulioinama karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, usingizi au hamu ya kula imeharibika na aliyoyapenda hayamvutii tena, huyo hahitaji hotuba. Aende kituo cha afya aseme hivyo hivyo alivyo. Mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje wiki hizo mbili, aende leo, na aliye karibu naye amsindikize, nauli atoe yeye.