Nyumba Moja, Mita Tatu

Kamati ya harusi ilipitisha kwamba wazazi wa bibi harusi wataingia ukumbini wakicheza. Wajumbe wote walipiga makofi isipokuwa mume wangu. Baba Zawadi hana woga wa kitu, lakini muziki ukipigwa huketi na kutikisa goti tu mpaka wimbo uishe. Mimi nilitaka tucheze. Binti yetu wa kwanza, Zawadi, alikuwa anaolewa, na nilitamani kuingia pale nikiwa mkononi mwa baba yake, si nyuma yake kama watu tunaokwenda kukabidhi mchango.

Tukamtafuta mwalimu, kijana wa Kihonda anayewafundisha wapambe wa maharusi hapa Morogoro. Alikuja na spika yake, tukasogeza makochi ukutani, somo likaanza. Baba Zawadi alitakiwa arudi hatua mbili, azunguke, kisha anyooshe mkono anipokee. Alirudi tatu. Kiwiko kikaingia kwenye kabati la vyombo, kioo chote kikashuka pamoja na seti ya vikombe tuliyopewa siku ya harusi yetu sisi. Niliokota vipande huku mwalimu akisema kwa adabu kwamba labda tutafute mahali penye nafasi zaidi.

Nafasi tulikuwa nayo. Mbele ya nyumba kuna fremu ya duka ambayo fundi cherehani aliiacha, ikabaki imefungwa kwa miezi. Tukaifagia, tukatoa makasha, tukabadilisha balbu. Umeme haukuwepo, maana mita ya fremu ni ya peke yake na tangu fundi aondoke hakuna aliyeinunulia tokeni. Nikatoa shilingi 20,000 kwenye simu. Uniti zilizokuja zilikuwa chache mno, nikadhani nimekosea namba ya mita. Kwenye ujumbe, kabla ya VAT na tozo nyingine, palikuwa na deni limekatwa: shilingi 12,000, kodi ya majengo.

Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa huhesabiwa kila sakafu, 90,000 kwa mwaka. Mita isiyonunuliwa umeme haisamehewi, deni linajikusanya na kumsubiri atakayenunua. Hayo tuliyajua. Ya mita yetu kubwa tulikuwa tunailipa bila kunung'unika, kwa sababu barabara na mitaro ya mtaa huu havijichimbi vyenyewe.

Mama Jeni, mpangaji wetu wa vyumba vya uani, alikuwa amekuja kutazama mazoezi na mtoto mgongoni. Aliusoma ujumbe kwenye simu yangu, akasema taratibu, "Hata mimi hunikata hivyohivyo, dada. Kila mwezi 1,500."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake. Nyumba ni yake, aliijenga na marehemu baba mkwe tofali kwa tofali. Akaomba spika izimwe.

"Nyumba hii ni ngapi?"

"Moja, mama," akajibu mume wangu.

"Na mita?"

"Tatu."

"Basi kodi ya nyumba moja imelipwa mara tatu. Na moja kati ya hizo ameilipa mtu asiye na nyumba."

Hakuna aliyesema neno. Mama Jeni anauza vitafunwa stendi ya Msamvu. Anapoingiza elfu tatu kwenye simu ili mtoto asilale gizani, nusu yake inakwenda kulipia ukuta usio wake. Sheria inaitaja kodi hii kuwa ni ya mwenye jengo, na serikali ilipoanzisha utaratibu huu ilisema mpangaji aliyekatwa akatane na mwenye nyumba kwenye pango. Lakini mpangaji gani atamfuata mwenye nyumba wake na kumdai elfu moja na mia tano? Ataogopa kuhamishwa. Atanyamaza, na mita itaendelea kukata. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu ninajua mitaa mizima ambako halijawahi kutamkwa.

Siku ya pili tulikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia kodi hiyo, mimi na mama mkwe, tukiwa na namba za mita zote, nakala ya hati na kitambulisho chake. Dirisha la kwanza lilitutuma la pili. La pili likakuta mita kubwa imeandikishwa kwa jina la marehemu na zile nyingine kwa jina la mume wangu, kwa hiyo kwenye mashine tulionekana kuwa na nyumba tatu za watu wawili, mmoja wao akiwa kaburini. Tukatakiwa kuleta barua ya serikali ya mtaa. Tuliirudia foleni hiyo hadi mlinzi akawa anamwekea mama kiti akituona getini. Karani aliyetuhudumia mwisho alikuwa msichana mwungwana. Aliunganisha mita zote na jengo moja, akaziondolea kodi zile mbili, kisha akamuuliza mama umri wake. Mzee wa miaka 60 na kuendelea ana msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Fomu tumejaza, na habari ya fremu na wapangaji tumeiandika humo bila kuficha, waamue wenyewe.

Ugomvi ulikuwa nyumbani. Mama alitaka Mama Jeni arudishiwe fedha zake za miaka miwili, 36,000. Baba Zawadi akasema tungoje harusi ipite, ukumbi haujamaliziwa, kioo cha kabati hakijanunuliwa. "Harusi yenu isilipiwe na Mama Jeni," mama akamjibu, akaingia chumbani. Asubuhi mume wangu alikwenda uani mwenyewe. Pango la mwezi ule likapunguzwa elfu 36, na Mama Jeni akaandikiwa kwenye daftari, tarehe na sahihi.

Mazoezi yakaendelea, ila mwalimu alibadilika. Kijana alikuwa anatufundisha kuruka tu, tangu wimbo unapoanza. Mama akamzuia. Ujana wake ulipita katika mji huu, Salum Abdallah alipokuwa akiongoza bendi ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz ikiwa upande wa pili, miaka ambayo rumba iliyokuja kwa santuri za Kuba ilikuwa imekwisha kuwa ya hapa. Alimwambia kijana kwamba wimbo wa dansi una nusu mbili. Kwanza taratibu, mwimbaji anapoeleza kisa chake na watu wamekamatana. Chemko huja baadaye, magitaa yanapokolea, na hapo ndipo kila mtu huachiwa kiuno chake.

"Ukianza na chemko, mkeo utamshika saa ngapi?"

Akainuka, akamshika mwanawe mikono. Alimkataza kuhesabu kwa mdomo. Akamwambia asikilize uzito: ukiwa umeulaza mguu wa kushoto, wa kulia uko huru, na mwenzio anaisoma habari hiyo kifuani mwako kabla hujamvuta. Mwanamume anayevuta kwa mikono, alisema, amechelewa kusema anakokwenda. Nilimwona mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, akivuka fremu ile na mama yake bila kumkanyaga, na kijana wa Kihonda akiwafuata nyuma kwa miguu yake, akijifunza.

Siku ya harusi, ukumbini tuliingia taratibu. Hatukuzunguka wala hatukuruka. Baba Zawadi alinileta kutoka mlangoni hadi meza kuu bila kutazama sakafu hata mara moja, na chemko lilipokuja wajumbe wa kamati walivamia ukumbi kabla yetu. Zawadi alilia, nami nililia.

Fremu sasa ina mpangaji. Kijana ameikodi kufundishia dansi jioni, na wanaokuja si wapambe tu, wapo wake na waume wa mtaa huu wenye umri kama wetu. Mama aliuandikisha mkataba mwenyewe, akataka kipengele cha kwanza kisomeke kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, na ikitokea imekatwa kwenye mita ya fremu itatolewa kwenye pango la mwezi huohuo. Kijana alipokwisha kutia sahihi, mama alimuuliza kama anaijua cha-cha-cha. Haijui. Wanaanza Jumatatu.