Mhandisi wa Reli ya Chumbani

Huko Marekani wapo wazee wenye shirika zima la reli chumbani, na abiria hata mmoja wa kuwalalamikia hawana. Kichwa cha treni kimepunguzwa mara 87, kinapita kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Kwa ukubwa huo, ajali nayo ni kubwa: gia ya plastiki imekazwa kwenye ekseli ya chuma, plastiki inasinyaa kadiri miaka inavyopita, chuma hakisinyai, na siku moja gia inapasuka kati ya jino na jino. Treni inachechemea, tak, tak, kila gurudumu likizunguka.

Mheshimiwa mhandisi anavaa taa kichwani. Anachomoa magurudumu, anaisukuma gia mpya hadi katikati kabisa ya ekseli, anapima nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, maana ikikosewa kidogo tu treni itaruka reli penye njia panda. Grisi? Tone dogo, kwa ncha ya sindano, na pumzi amezibana.

Mkewe anauliza: na bomba la jikoni linalovuja tangu mwaka jana?

Lile, anajibu, linahitaji fundi.