Pete Isiyoosha Vyombo

Tangu mke wangu avae pete ya tanzanaiti, masufuria yote ya nyumba hii yamehamia kwangu.

Chanzo ni sonara. Alishazihesabu hela, akazifungia kwenye droo, ndipo akakumbuka masharti. Isigongwe kwenye sinki, jiwe lina upande dhaifu, likipigwa hapo linapasuka. Isitolewe kwenye baridi ikatiwa maji ya moto. Isisafishwe kwa mashine ya mtetemo. Isikutane na mchanga wala unga wa kusugulia masizi, kwa sababu ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 6 na kitu, na vumbi mara nyingi huwa na kwatzi, ambayo ni 7. Dawa ya mganga ina masharti machache kuliko hayo.

Ningevumilia kama si mama mkwe. Yeye ana yakuti samawi, ugumu 9; juu yake utakutana na almasi. Na msidhani 9 na 6 ziko karibu: Mohs alipanga tu nani anamkwaruza nani, hakupima pengo lililo kati yao. Mama amefua, amelima, amesugua vyungu kwa majivu na pete yake kidoleni. Dhahabu imelika hadi imekuwa uzi, jiwe halina hata alama. Akija kututembelea, huuweka mkono ule mezani, karibu kabisa na wa binti yake, kisha anaomba chai.

Siku moja nikajitetea kwa rangi. Nikasema, mama, yakuti yako ukiigeuza inacheza kati ya bluu na bluu yenye ukijani, basi. Hii yetu inatoa bluu na zambarau, na kabla haijapikwa ilikuwa na rangi ya tatu, ya kahawia! Mawe mengi ya Mirerani hutoka ardhini yana ukahawia, yakatiwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 ndipo bluu ikakolea.

"Kumbe umeninunulia iliyopikwa?" mke wangu akauliza.

Nikasema yakuti nyingi nazo hupikwa, tena kwa moto unaopita nyuzi 1,500. Mama mkwe akauondoa mkono wake mezani. Chai ile tulikunywa kimya.

Halafu kukawa na harusi. Pete iliondoka nyumbani mchana ikiwa bluu. Ukumbini, chini ya balbu za njano, ikawa zambarau, na wanawake wa meza yetu wakahukumu papo hapo kwamba tumebadilishiwa jiwe. Nikawaeleza kuwa ndiyo tabia yake, mwanga wenye wekundu mwingi huitoa zambarau. Nani anasikiliza? Ikabidi niinamie kidole cha mke wangu na tochi nyeupe ya simu mbele ya maharusi, hadi bluu ikarudi kidogo.

Shemeji yangu, aliyewahi kuwa broka wa madini, alikuwepo. Badala ya kuniokoa akaanza kutaja namba: yakuti hupinda mwanga kwa 1.76 hadi 1.77, tanzanaiti inaishia 1.70, kwa hiyo mng'ao wa yakuti uko juu. Nilimnyamazisha kwa uzito. Yakuti ni nzito mara 4 kuliko maji, tanzanaiti ni mara 3.35 hivi, kwa karati ileile, jiwe letu linaonekana kubwa zaidi. Hapo meza ikanikubali kidogo. Wanaheshimu ukubwa.

Juzi nilirudi kwa sonara na malalamiko yangu, vidole vimechakaa kwa sabuni. Akacheka, akaniambia tanzanaiti inafaa zaidi kwenye hereni, masikio hayaoshi vyombo. Sasa ndiyo ananiambia!

Nikamsimulia mke wangu, nikitegemea atauona uonevu niliofanyiwa. Akasema sonara ana akili sana, na hereni hizo zichaguliwe rangi ileile ya pete.