Sifa Zimwendee Anayesimama Kabla Gari Halijasimama

Kisumu ina barabara ya Oginga Odinga na mtaa wa Tom Mboya. Haina hata kichochoro kimoja chenye jina la yule abiria wa kiti cha nyuma anayeinuka Nyamasaria ilhali anashukia Kondele. Huko ni kukosa shukrani. Bila yeye, asubuhi za Kondele zingekuwa za watu waliolala vizuri, walioshuka kwa zamu na kupeana njia, na mji ungeingia kazini ukiwa bado una usingizi.

Basi la usiku kutoka Nairobi hukata kilomita kama 350. Hupita Nakuru na mashamba ya chai ya Kericho gizani, kisha huteremka hadi tambarare za Kano. Awasi watu bado wanakoroma. Ahero simu ya kwanza hulia, na mwenyewe hujibu kwa sauti ya kuamsha gari zima: "Nimefika Nyamasaria!" (Uongo huo ni wa hisani. Aliye nyumbani anaujua, ndiyo maana hajatoka kitandani.) Nyamasaria yenyewe inapofika, shujaa wetu amekwisha kusimama kitambo. Begi moja liko begani, la pili kwapani, na kiwiko chake kiko usawa wa sikio la mzee wa kiti cha kando ya njia. "Mos, jaduong'," anamwomba mzee radhi kwa Kijaluo, bila kukiondoa kiwiko.

"Watu wa Kondele, kaeni kwanza! Hakuna mtu ataachwa!" makanga anapiga kelele.

Shujaa hajibu. Waliozaliwa kutangulia hawabishani na wasaidizi.

Hapo pia anavunja sheria, na ni haki tumsifu kwa ujasiri huo. Februari 2004, John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, matatu na mabasi ya Kenya yalilazimishwa kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, kuchora mstari wa manjano ubavuni, na kuacha kubeba abiria wa kusimama. Miaka mingi watu walikuwa wakisafiri wameinama chini ya paa kwa sababu viti vimejaa. Serikali ikawakalisha. Shujaa wa Kondele ndiye aliyeirudisha desturi hiyo kwa hiari: kiti kipo, amekilipia, kina mkanda na hata mahali pa kuchajia simu, naye anakiacha wazi nyuma yake na kusimama bure.

Wenye pesa huko ng'ambo wana shida hiyohiyo, ila wao wameipangia utaratibu. Meli ya kitalii kama Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600. Kuwashusha asubuhi moja ni sawa na kuhamisha mji mdogo kabla ya saa sita, kwa sababu mchana uleule wageni wengine wanapanda. Kwa hiyo usiku wa mwisho kila mtu hupewa kipande cha karatasi chenye rangi au namba, akifunge kwenye sanduku na kuliacha nje ya mlango wa chumba. Asubuhi hukaa ukumbini akisubiri rangi yake itajwe, kisha hulikuta sanduku lake nchi kavu. Kuna wanaofunga kila nguo walizo nazo ndani ya sanduku usiku huo, wakaamka na nguo za kulalia tu. Na pamoja na rangi zote hizo, ngazi hujaa watu ambao rangi yao bado, mabegi mkononi, wakiitazama saa kana kwamba gati litahama.

Wanaocheka utaratibu wa Kondele wangepaswa kuanza na hao. Wale wamehakikishiwa mizigo yao, wakaguzi wa forodha wanawangoja, na wengi wao wako likizoni. Mtu wa Kondele amehakikishiwa nini? Ana kipande cha karatasi kilichochanwa, chenye namba ya kalamu ya mkono, na pacha wake amebandikwa kwa gundi kwenye begi lililotupwa ndani ya buti saa tatu za usiku. Basi lenyewe halimalizii safari hapo. Linapita kwenye daraja la juu la Kondele likielekea Kisian, Bondo au Busia, na mpakiaji wa Nairobi, kwa sababu zake, ametanguliza mzigo wa Kondele ndani kabisa. Juu yake kuna magodoro ya watu wa Ugunja na televisheni ya mtu wa Siaya. Shule zikiwa zimefungwa, kuna pia masanduku ya chuma ya wanafunzi, kila moja jeusi, kila moja na kufuli ileile ya dukani.

Hapo ndipo hekima ya shujaa inapoonekana. Wa kwanza kufika kwenye buti huona kila kitu kinachotolewa. Wa mwisho huona kilichobaki.

Na ieleweke kwamba amefanya kazi ya kisiasa pia. Reli ilipofika ziwani mwisho wa mwaka 1901, mahali hapa pakiitwa Port Florence, abiria aliyekuwa akienda Uganda alitoka kwenye behewa akaingia kwenye meli: Winifred, Sybil, baadaye Clement Hill, kisha Usoga na Rusinga. Mwaka 1961 ikaja Victoria, iliyotengenezwa Uskoti, ikasafirishwa vipandevipande na kuungwa hapahapa Kisumu. Safari hizo zilikuwa na madaraja. Wa daraja la kwanza alikuwa na kitanda, meza ya chakula na mtu wa kumbebea mizigo. Wa daraja la tatu alikuwa na sakafu na upepo wa ziwa, na hakuwa na haraka iliyohesabiwa na yeyote. Leo mabasi yamerudisha madaraja kwa jina jipya: viti vipana vya mbele, "VIP", vinavyouzwa ghali na vilivyo karibu na mlango. Aliyelipa zaidi angetarajia kushuka kwanza. Angeshuka, kama mtu wa kiti cha nyuma kabisa asingekuwa ameshasimama ubavuni pake tangu Nyamasaria, begi likiwa limeegemea kiti kile cha bei ghali.

Gari moshi nalo lina wafuasi wake. Treni ya Nairobi–Kisumu, iliyorudishwa Desemba 2021 baada ya kusimama kwa miaka, huingia asubuhi ikipitia mashamba ya miwa: Muhoroni, Chemelil, Miwani, Kibos. Wenye bidii husimama Miwani. Treni haina pa kukimbilia, safari yake inaishia mjini, na mlango utafunguliwa kwa kila mtu. Kusimama huko hakuna faida yoyote. Ni sanaa tupu.

Majini, sifa hizi zinakoma. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hilihili. Kiliidhinishwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ilikuwa siku ya soko na mizigo ilikuwa mingi. Taarifa za wakati ule zilisema abiria walisogea upande mmoja walipoona wamefika, na Rais Magufuli alisema usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo. Basi likijaa watu wa mlangoni, huumia vidole vya miguu. Chombo kilichozidiwa huinama, na kikishainama hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Anayepanda feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno na akae, hata kama begi lake liko chini ya mbuzi.

Turudi nchi kavu, ambako kosa hugharimu heshima tu, na mara nyingine pesa. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uturuki ilitangaza faini kwa abiria wanaofungua mikanda na kuinuka ndege ikiwa bado inatembea. Kenya ikiiga, Kondele peke yake ingeweza kulipa mishahara ya kaunti. Lakini mwenye haraka si yeye anayechelewesha watu, na ushahidi upo. Mwaka 2006, huko Hamburg, ndege ya Airbus A380 ilijaribiwa ikiwa na watu 873, nusu ya milango ikiwa imefungwa, gizani. Wote walitoka kwa sekunde 78. Siri yake ni ndogo: hakuna aliyebeba begi. Binadamu hutoka upesi. Sanduku la Nairobi ndilo linalokwama kwenye mkono wa kiti.

Kisha basi linapunguza mwendo na mlango unafunguka. Nje, waendesha boda wameshafika kabla ya ngazi: "Mathe, Manyatta?" "Boss, Migosi, twende!" "Mamboleo, mmoja!" Mkono mmoja tayari uko kwenye begi ambalo mwenyewe hajalishusha. Tuktuk zinapiga honi nyuma yao, na mwanamke wa chai na mandazi amejiweka pale hasa ambapo foleni ingepita, kama foleni ingekuwepo. Shujaa anauona uwanja wote kutoka ngazi ya juu. Amechagua boda wake kabla miguu yake haijagusa lami, amekubaliana bei kwa ishara ya vidole, na anaukemea mzigo utoke upesi kwa sababu watu wana kazi. Begi lake linatoka la kumi na moja. Hamlaumu mtu, anasimama hapo akihesabu magodoro ya wengine kwa sauti.

Aliyetii makanga ana hadithi tofauti. Alikaa kwa adabu, akaacha njia ipungue watu, akafumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua, basi lilikuwa limeipita Kisian na linapanda kuelekea Maseno, kwenye mstari wa ikweta. Abiria wa meli za kitalii wakiuvuka mstari huo humwagiwa maji na mtu mwenye ndevu za bandia anayejiita Neptune, kisha hupewa cheti. Yeye alipewa begi lake na kuonyeshwa stendi ya matatu za kurudi Kondele, ambako nauli, aliambiwa, ni ileile kwa aliyekaa na aliyesimama.