Kilomita Sita kwa Chapati Mbili

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina klabu ngapi za jogingi, panda daladala Jumamosi alfajiri ukiwa na haraka. Hufiki. Mbele yenu kuna watu arobaini wenye fulana za njano, wanaimba na kupiga makofi, na kijana mwenye kibendera chekundu anamwamuru dereva asubiri utadhani Rais anapita. Wakimaliza wa njano wanaingia wa bluu. Konda anatoa kichwa atukane, anagundua aliyeshika filimbi ni mama mwenye nyumba wake, anamwamkia shikamoo na kurudisha kichwa ndani taratibu.

Mimi ni wa bluu. Klabu yetu iko huku Mbagala na ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya nidhamu, kamati ya misiba, kamati ya wagonjwa na kamati ya sherehe. Kamati ya mazoezi haipo. Kazi hiyo ameachiwa kocha, beki mstaafu wa timu ya mtaa, ambaye mpaka leo akiona mtu ametangulia mbele ya wenzake anampulizia filimbi kwamba ameotea.

Faida ya kukimbia kwa kundi sina ubishi nayo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu ukiwa peke yako, dakika hizo unaziahidi tu. Ukiwa na klabu, ukilala wanakuja kukugongea dirisha, tena wanakuja wakiimba, na katika wimbo wametia jina lako. Mwenzetu mmoja alijaribu kusingizia homa. Wakaingia ndani na ndimu, tangawizi na daftari la kamati ya wagonjwa, wakamchangia palepale. Pesa ya watu imeshapokelewa. Ikabidi augue kweli mpaka Jumatatu kulinda heshima ya familia.

Mambo yalianza kuharibika tulipotaka kuunganisha mazoezi na lishe.

Kocha alisikia redioni kwamba mkimbiaji anahitaji wanga na protini. Ijumaa jioni akatuma amri kwenye kundi la WhatsApp: leo kila mwanachama ale maharage na viazi vitamu, ashibe. Maharage hayana kosa. Yana protini, yana madini ya chuma, yana nyuzinyuzi, na bei yake haimtoi mtu jasho. Tatizo ni kwamba yana aina fulani za sukari ambazo tumbo letu haliwezi kuzimeng'enya. Zinateremka nzimanzima mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanazichachusha, na kinachotoka katika kuchachuka huko ni gesi. Kwa mtu mmoja aliyelala kwake ni siri ya nyumba. Kwa watu arobaini wanaokimbia wamebanana mistari mitatu, ni jambo la jumuiya.

Tulitoka Rangi Tatu kwa utulivu. Kabla ya kufika Zakhiem mistari ilikuwa imeachana, na kasi ilikuwa haijawahi kuonekana katika historia ya klabu, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa mbele. Kocha akafurahi mno. Akapuliza filimbi tusimame turuke kichurachura. Tulisimama, tukatazamana, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuchuchumaa.

Lakini maharage yalikuwa ajali. Supu ni mfumo.

Njia yetu ya kilomita sita ilipitishwa na kikao, na kila mwanachama anajua kwa nini inaishia pale inapoishia. Pale kuna mama ntilie na sufuria la makongoro lililokaa jikoni tangu usiku. Anafunua mfuniko, mvuke unamfunika uso, anazamisha upawa mpaka chini akisaka kipande chenye uboho. Juu mafuta yametanda vijiduara vya njano. Anaweka bakuli, ndimu nusu, pilipili mbuzi moja, na chapati mbili ambazo hujaagiza. Pembeni soda ya baridi inatoa jasho kuliko wewe uliyekimbia.

Siku moja nesi wetu, aliyejiunga juzijuzi, aligeuza karatasi ya mahudhurio na kuanza hesabu. Anayekimbia hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Akamtazama mwenyekiti: kilo 90, kilomita sita, 540. Chapati ya pale, iliyokandwa kwa mafuta na kukaangwa kwa mafuta, ni kama 300. Mbili ni 600. Soda ya kola ya mililita 500 ina sukari gramu 53 hivi, yaani vijiko vya chai kumi na vitatu.

"Mwenyekiti," akasema, "kwa chapati mbili tu umesharudi ulipoanzia. Supu na soda unadaiwa."

Mwenyekiti akafyonza uboho wake, akapangusa mdomo. "Kwani nani kasema nimekuja kupungua? Mimi nimekuja kufanya mazoezi."

Tulicheka, lakini mzee hakuwa amekosea kabisa, na nesi mwenyewe alikiri: mazoezi yanasaidia kushusha presha na yanausaidia mwili kuitumia sukari hata kama mzani haujasogea. Ila tumbo nalo lina macho.

Ninavyoona mimi, tatizo halikuwa chapati, tulikuwa sisi. Kundi linalonigongea dirisha niamke ndilo linalonisukumia sahani. Kataa supu uone: "Unaringa?" Agiza matango, watu wanaanza kunong'ona kwamba umepewa majibu mabaya hospitali. Hakuna mtu mwenye ujasiri wa kutafuna kachumbari peke yake mbele ya arobaini wanaofyonza mifupa. Kwa hiyo kama sahani ni ya kubadilishwa, iibadilishe klabu nzima, kwa kikao, na muhtasari uandikwe.

Kikao kiliitishwa. Kila aliyesimama aliunga mkono lishe bora, hasa kwa wengine. Baada ya mabishano ambayo yangeweza kuhesabiwa kama mazoezi, tukaafikiana: supu inabaki, ila mafuta ya juu yaenguliwe, chapati mwisho moja, anayetaka zaidi ale ndizi za kuchemsha, chumvi ya kuongeza iondoke mezani, na badala ya soda yaje maji na sahani ya papai na tikiti. Mama ntilie aliitwa kama mdau. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Unga niliokwisha kukanda nani atalipa?" Tukalipa. Wiki iliyofuata alikuwa anauza sahani ya matunda kwa bei ya chapati mbili na kumkemea kila anayekohoa neno soda. Tangu hapo ana ukali kuliko nesi.

Kamati ya nidhamu ikaongeza faini: chapati ya pili, shilingi elfu moja. Hapo tulidhani tumemaliza kazi. Watu walilipa bila kinyongo. Wengine walilipa kabla ya kuanza kukimbia, wakaomba risiti. Mjumbe mmoja wa kamati hiyohiyo ya nidhamu alilipia mwezi mzima kwa mkupuo.

Mwisho wa mwaka mweka hazina alisoma taarifa. Michango ya fulana ilikuwa na upungufu, lakini mfuko wa faini umenona. Zikatolewa hoja za kununua mzani, kipimo cha presha, raba za kocha. Zote zikapigiwa kura na kuanguka. Hoja iliyopita kwa shangwe ilikuwa ya kununua mbuzi, tufanye pilau ya kuufunga mwaka.

Tukamgeukia nesi, tukitegemea hotuba. Akasema hana pingamizi, ila ana sharti: mbuzi tutamfuata mnadani Pugu kwa miguu, kwenda na kurudi, na mbuzi mwenyewe asipandishwe bodaboda.

Ukimya ukatanda. Mwenyekiti akainua mkono, akauliza kama huyo mbuzi naye atahitaji fulana.