Watuhumiwa Saba Wanaoinyima Mafuta Pikipiki Yako Kongwe

Honda CD ya babu, Yamaha DT ya bwana shamba mstaafu, Vespa ya Unguja: ugonjwa ni mmoja. Unapiga kiki, inawaka, unafika kona ya pili, inakohoa, inazima. Wapita njia wanageuka mafundi papo hapo, na wote wanataja kabureta. Mahakama hii inakataa! Kwenye pikipiki hizi mafuta hayasukumwi na pampu, yanateremka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo kesi tunaisikiliza kutoka bondeni kwenda mlimani. Kupinga ruksa, ila fika kwanza namba moja.

7. Kabureta
Ndiyo, imeshika mkia, na usinune. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita, chembe moja ya kutu inaliziba. Lakini chembe hiyo haikuzaliwa humo, imeteremka kutoka juu. Safisha kabureta leo bila kugusa tangi, na wiki ijayo mtaonana tena. Na huo waya wa kuchokolea, weka chini! Jeti ni laini, ukilitanua tundu lake pikipiki itakula mafuta hadi pochi ilie. Tumia hewa ya kompresa.
Hukumu: shahidi, si mshtakiwa.

6. Chujio
Chujio la karatasi la gari lenye pampu halifai hapa, linabana mteremko. Tafuta la wavu. Ukiona limejaa nusu tu huku mafuta yanapita vizuri, liache, si mgonjwa.
Hukumu: faini ndogo.

5. Mpira wa mafuta
Wenye Vespa, sogeeni. Tangi lenu liko chini ya kiti, kabureta iko karibu kabisa, na mpira ukizidi urefu kidogo unajikunja tangi linaporudishwa mahali pake. Ukiufupisha mno, haufiki. Kwa wengine wote: mpira uteremke moja kwa moja. Ukipanda kwanza ndipo ushuke, hewa inajificha kwenye nundu na kuweka kizuizi cha barabarani.
Hukumu: apimwe upya, akatwe kwa haki.

4. Koki
Bomba la kawaida ndani ya tangi limesimama juu, lile la rizevu linanyonya sakafuni, kwenye uchafu wote. Tangi likiwa limejaa na pikipiki inakubali rizevu tu, bomba refu limeziba. Suzuki GS zina ujanja wao: koki inafunguliwa na mvuto wa injini kupitia kiwambo cha mpira, na kiwambo kikichanika mlango haufunguki sawasawa. Iweke kwenye PRI, ambayo haisubiri injini. Ikitulia hapo, mwizi umemshika mkono.
Hukumu: kifungo cha nje, na mipira mipya.

3. Kifuniko cha tangi
Najua hapa ndipo ugomvi unaanza. Kifuniko kuishinda koki? Kinaishinda! Kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likiziba, mafuta yanashuka kidogo, kisha tangi linayashikilia kama chupa iliyopinduliwa ndani ya beseni. Pikipiki ikizima, fungua kifuniko. Ukisikia "fsss" na ikawaka tena, kesi imekwisha. Unataka ushahidi zaidi? Chomoa mpira, uelekeze kwenye chupa, fungua koki huku kifuniko kimefungwa. Mkondo ukianza kwa nguvu kisha ukafifia, kifungue. Ukirudi, ndiye. Nampa nafasi ya tatu kwa sababu dawa yake ni pini, na bado watu hununua kabureta nzima kabla ya kumkagua.
Hukumu: tapeli wa bei rahisi.

2. Maji
Ni mazito kuliko petroli, hivyo yanalala chini kabisa, mara nyingi kwenye kona ya nyuma ambayo jicho halifiki. Tangi lililoachwa nusu linavuta hewa yenye unyevu, usiku ukiingia baridi umande unajitengeneza ndani. Ethanoli inazidisha mambo kwa kupenda maji. Uingereza ilipofanya E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli, kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, wenye Norton Commando za matangi ya fibaglasi walipata sababu ya kununa: ethanoli hulainisha fibaglasi ya zamani.
Hukumu: mchochezi. Unapoegesha kwa muda mrefu, jaza tangi.

1. Kutu
Huyu ndiye bosi. Anaziba koki, anajaza chujio, anaisingizia kabureta. Kabla ya dawa yoyote toa petroli yote, osha kwa maji ya sabuni hadi harufu iishe, maana mvuke wake hauna utani na cheche.

Soda ya kola: ina asidi kidogo na sukari nyingi. Inywe.

Asidi ya betri: hapana. Inakula kutu, chuma na macho yako.

Mnyororo mkuukuu: uingize, tikisa. Unang'oa magamba na unatoka mzima. Nati nazo zinafaa, ila zihesabu zinapoingia na zinapotoka.

Siki: jaza hadi juu, kwani paa nalo lina kutu. Subiri siku moja au mbili, mwaga, suuza kwa maji ya magadi, kausha haraka kwa hewa ya moto na paka oili. Ukizubaa, rangi ya chungwa inarudi hata chai haijapoa.

Umeme: bingwa wangu. Jaza maji yenye sodiamu kaboneti, hasi ya chaja kwenye tangi, chanya kwenye nondo ya kawaida isiyogusa tangi. Nondo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, maana hutoa sumu ya kromiamu. Fanyia nje, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni inatoka. Unaondoa kutu, chuma kizima kinabaki.

Rangi ya kupaka ndani ya tangi ni ya tangi lililotoboka tu. Ikibanduka, koki inaziba na unaanza upya.

Anayesema siki inaushinda umeme alete tangi lake, tochi ninayo.