Vijiji Viwili vya Utumbo Mpana

Palikuwa na vijiji viwili, Makapini na Mafutani, vilivyojengwa mahali ambapo jua halijawahi kufika. Wakazi wake walikuwa wadogo mno, na hewa tunayoivuta sisi kwao ilikuwa sumu. Chakula chao kilishuka kwa barabara ndefu iliyoanzia mdomoni, ikapita tumboni, ikazunguka utumbo mwembamba, hadi ikawafikia wao huko chini, katika utumbo mpana.

Barabara hiyo ilikuwa na desturi yake. Wachukuzi wa utumbo mwembamba walikaa njiani, na kila kilicho laini walikidaka: sukari, mafuta, nyama iliyokwisha kulainika. Kilichowashinda ni makapi, yaani nyuzinyuzi za nafaka, mikunde na majani, kwa kuwa hawakuwa na zana za kuyavunja. Hayo waliyaacha yapite, na hayo ndiyo yaliyokuwa riziki ya wanakijiji.

Makapini walipokea makapi tele kila siku. Wapasuaji ndio waliotangulia kazini; wakazikata zile nyuzi ngumu, wakala shibe yao. Vipande vilivyobaki viliokotwa na Wapika Siki. Siki ikachukuliwa na Wapika Samli, na samli yao ikapelekwa kwa Walinzi wa Ukuta. Walinzi waliiunguza samli hiyo kupata nguvu, na katika kuiunguza waliimaliza hewa yote iliyojaribu kupenya. Kijiji kikabaki salama kwa wenyewe, na ukuta ukabaki mnene. Hapakuwa na mtu aliyekula peke yake, maana masazo ya huyu yalikuwa kitoweo cha yule.

Mafutani soko lilikuwa limejaa mafuta na sukari, na wakubwa walijivunia. Walipokutana na watu wa Makapini waliwacheka: "Nyinyi mnakula wishwa wa kuku!" Lakini sukari nyingi ilidakwa juu na wachukuzi, na mafuta yaliyoteremka hayakuwa kazi ya Wapasuaji. Basi wenye njaa wakaanza kuukwangua ute unaoupaka ukuta, wakaula. Ukuta ukawa mwembamba siku hadi siku, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mchana kulikuwa na sherehe.

Kisha ugonjwa ukaingia mapafuni mwa wenye miili iliyobeba vijiji hivyo. Ikabidi aitwe Jemadari Dawa. Alikuja na askari wake kumtafuta mwizi aliyejificha kifuani, na walimpata, wakamuua. Kwa hilo anastahili shukrani, maana asingekuja, miili ingekufa na vijiji vingekufa pamoja nayo. Lakini njia ya askari ilipita vijijini, na hawakuwa na namna ya kumtofautisha mwizi na mkulima. Walipoondoka, Makapini na Mafutani vilikuwa mahame.

Makapini kulikuwa na wachache waliojibanza kwenye mikunjo ya ukuta. Wengine waliingia na vumbi la barabarani. Walitoka wakakuta makapi yanaendelea kushuka. Mpasuaji mmoja akakata, masazo yakaanguka, Mpika Siki akaamka. Siki ikapatikana, Mpika Samli naye akawasha jiko. Kila aliyerudi alimwandalia nafasi anayemfuata, na baada ya muda si mrefu kijiji kikawa kijiji tena.

Mafutani nako alisalia mtu, jina lake Bwana Pekeyangu. Alikuwa hodari wa kuzaliana, na kidogo kilichoshuka alikinyakua chote. Alipokula hakudondosha kitu ambacho jirani angeweza kuokota. Watoto wake wakajaa kila nyumba, na yeyote aliyejaribu kurudi alikuta sinia imelambwa. Mtu akipita kwa mbali angesema kijiji kimejaa watu. Kumbe kilikuwa kimejaa mtu mmoja.

Jumbe wa Mafutani aliona aibu. Akaita baraza, akasema, "Kinachotupungukia ni watu. Twendeni tukawaombe Makapini watupe wahamiaji." Wahamiaji wakaletwa, wa kila ukoo na kila ufundi. Ngoma zikapigwa, nyumba zikagawiwa, Jumbe akahutubia. Siku chache baadaye wageni wakaanza kuanguka njiani.

Jumbe akamwendea Bi Nyuzi, mkubwa wa Wapasuaji, akamkuta amelala kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Jumbe."

"Bibi, nimewapa nyumba, nimewapigia ngoma, na bado mnanifia. Mna nini?"

"Nyumba tumeziona, baba. Jiko liko wapi?"

"Soko limejaa mafuta, bibi."

"Sisi tunapasua makapi. Hapa sijaona hata kapi moja. Basi Mpika Siki nimpe nini? Naye asipopika, Mpika Samli afanye kazi gani? Na ukuta wako huo atauangalia nani? Umewaita mafundi ukawanyima kazi, Jumbe. Huo si ukarimu."

Jumbe aliinamisha kichwa, akaondoka. Kesho yake aliagiza msafara wa pili wa wahamiaji, mkubwa kuliko wa kwanza, na ngoma nyingine.

Wakati huo adui aitwaye Salmonela alikuwa akizunguka. Alibisha hodi Makapini kwanza. Akakuta siki imechachuka kila kona, kila kiti kina mwenyewe, na hewa ya kuvuta hakuna. Akakosa pa kushika. Akaenda Mafutani. Huko Walinzi wa Ukuta walikuwa hawajaonja samli tangu Jemadari apite. Waliacha kuimaliza hewa, ikawa inavuja ndani. Hewa iliyowaua wenyeji yeye aliipenda. Alikula, akazaana, akautoboa ukuta mwembamba, na Mafutani ikaumwa ugonjwa ambao nusura uue mwili mzima.

Jumbe yule hakuumaliza mwaka. Aliyemrithi ni binti yake, na Jemadari Dawa alipolazimika kupita tena, binti huyo hakuita baraza la wahamiaji. Alipeleka juu, mpaka mdomoni, ujumbe wa maneno machache: teremsheni makapi. Makapi yakashuka. Wapasuaji waliokuwa wamejificha wakatoka, na wengine wakaja ambao hakuna aliyewaalika. Bwana Pekeyangu akabaki jirani mmoja miongoni mwa majirani wengi. Salmonela alipobisha tena, siki ilikuwa imechachuka.

Hekaya hii ina mizizi ya kweli. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Megan Kennedy, Eugene Chang na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Waliwalisha panya wa maabara vyakula vya aina mbili: kundi moja chakula cha kawaida cha panya chenye nyuzinyuzi nyingi, kundi la pili chakula chenye mafuta mengi na nyuzinyuzi haba, kinachofanana na mlo wa watu wengi wa nchi za Magharibi. Wote wakapewa antibiotiki. Katika kundi la kwanza, jamii ya bakteria wa utumboni ilirudi upesi, hatua kwa hatua, kila aina ikilishwa na masazo ya nyingine. Katika kundi la pili, aina moja ilitawala, ikajilimbikizia chakula bila kuacha kitu cha kuwafaa wengine, na panya hao wakawa wepesi mno kushambuliwa na Salmonella. Watafiti wakawapandikizia bakteria kutoka kinyesi cha panya wenye afya. Pasipo chakula kinachofaa, upandikizaji haukuwarudishia jamii yao. Chakula kilipobadilishwa, jamii ilirudi hata bila kupandikizwa.

Panya si binadamu, na upandikizaji si wa kudharauliwa. Yupo adui mwingine, Clostridioides difficile, anayelala ndani ya mbegu ngumu akingoja antibiotiki ifagie kijiji, kisha anaamka na kuleta kuhara kunakoweza kuua. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 ambao ugonjwa huo uliwarudia walipona baada ya kutiwa mara moja kinyesi kilichotoka kwa watu wenye afya, wakati kati ya 13 waliopewa dawa ya vancomycin pekee walipona 4. Wahamiaji wanaweza kuokoa kijiji. Ila wahamiaji nao hula, na hilo ndilo Jumbe alilolisahau.

Nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa na jibu hili vyunguni mwetu. Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi Uganda kwa miaka mingi, waliona kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa adimu kwa wagonjwa wao. Katika miaka ya 1970 wakawahimiza watu wa kwao wale nyuzinyuzi zaidi. Wakati dunia inajifunza kutoka kwenye ugali wetu wa dona na mtama, maharage, kunde, kisamvu na mchicha, sisi tunayakoboa mahindi mpaka yabaki sembe nyeupe, na yale makapi tunawapa kuku. Mgeni akija tunaona haya kumwekea dona. Aibu hiyo ni ya Mafutani, na inatugharimu.

Basi antibiotiki isimezwe kwa kubahatisha, wala isinunuliwe duka la dawa kwa kila mafua, maana mafua huletwa na virusi na Jemadari hana vita navyo. Ikiandikwa na daktari, imezwe kama ilivyoandikwa. Aliyetoka kupasuliwa utumbo, au anayeharisha vibaya, amuulize daktari wake ale nini na lini. Sisi wengine, dawa ikiisha, tusikimbilie kuuliza tununue bakteria gani wa kwenye chupa. Tuanze na sufuria: dona badala ya sembe, kunde pembeni, mboga za majani nyingi. Wanakijiji hawawezi kupanda juu kutafuta chakula chao. Barabara ni yetu, na kinachoteremka ni kile tu tulichokitia mdomoni.